Zaburi Isomwe na Kichwa Chake

Nyinyi wasichana wanne mliopewa ratiba ya kusoma kanisani, haya ni yenu. Mimi nimestaafu. Nina miaka ishirini na saba, kwa hivyo mnaruhusiwa kucheka. Lakini nilisoma Zaburi kwa miaka tisa: kanisani, matangani, kwa wagonjwa, kwa shukrani za watu, na siku moja hata kwa uzinduzi wa josho la ng'ombe. Mtu akifanya kazi miaka tisa anajua kitu.

Wengine wenu mmeambiwa niliacha kwa sababu ya kiburi. Wengine mmeambiwa ni kwa sababu ya mtoto. Afadhali niwaambie mwenyewe. Nilipata mtoto bila ndoa, na kanisa letu liko na desturi yake. Msichana kama huyo anarudishwa kiti cha nyuma. Hasomi, haimbi, hakaribii meza ya Bwana, na mtoto wake habatizwi, mpaka siku atakapopiga magoti mbele ya watu wote na Zaburi ya hamsini na moja, ile ya toba, isomwe. Binti yangu alianza kutembea kabla hajabatizwa. Alikuwa anatambaa chini ya kile kiti cha nyuma akiokota karatasi za peremende, na watoto waliozaliwa baada yake wanapelekwa mbele wakiwa wamevikwa nyeupe. Hicho ndicho kitu nilichokuwa nataka: abatizwe. Nitafika huko. Kwanza kazi.

Kazi ya kusoma inaanza na ulimi. Sisi wa huku tunajua shida yetu, hatuwezi kudanganyana. L na R kwetu ni mapacha. Mimi nilikuwa nasema "lehema za Bwana ni za mirere" na sikuona kosa, kwa sababu kila mtu aliyenizunguka alisema hivyo hivyo. Mpaka nilipoitwa kufungua ruracio, ile siku ya wazee kupatana mbuzi, ya msichana wa Chaka aliyekuwa anaolewa na watu wa Timau. Wale ni Wameru, kwa hivyo mambo yakaendeshwa kwa Kiswahili. Nikapewa Zaburi ya tisini na moja, ile ya mtu aketiye mahali pa siri. Nikasimama kati ya wazee wa pande mbili, waliokuja kuzungumzia mbuzi, nikasoma kwa sauti safi: mahari pa siri.

Mzee mmoja wa Timau akaweka kikombe chini. "Ati mahari ya siri?"

Baba ya msichana akasema, "Hapana, hapa hakuna siri. Mahari itatajwa hapa hapa, na ni nyinyi mtaitaja."

"Lakini Bibiria imesema."

"Bibiria yenu ama yetu?"

Walicheka wote, na nadhani kile kicheko kiliwapunguzia mbuzi wawili. Lakini mimi nilirudi nyumbani nikitaka ardhi inimeze. Kuanzia wiki hiyo nikawa najifunza nikikamua ng'ombe. La la la, ra ra ra. Mahali, mahari. Kula, kura. Ng'ombe alininyima maziwa siku mbili, akafikiri kuna mgeni. Kwa hivyo shauri langu la kwanza ni hilo: jifunzeni, lakini si karibu na ng'ombe.

La pili: someni nyumbani kwanza. Kila wakati, hata Zaburi mnayojua. Hili nililijua kupitia kwa yule mwenyekiti wa ushirika wa maziwa, aliyefanya shukrani baada ya kuchaguliwa. Alimtuma mtoto na kikaratasi cha Zaburi aliyoitaka. Alitaka ya mia moja, ile fupi ya kumshangilia Bwana. Sasa sifuri yake ya mwisho ilikuwa na mkia. Mimi nikaona mia na tisa. Sikufungua nyumbani, nilikuwa na nguo za kufua. Nikafika pale, hema limejaa, pilau inanukia, nikaanza.

Kama hamjui, mia na tisa ni Zaburi ya kulaani adui. Mistari ya kwanza ni malalamiko tu, na watu wetu malalamiko wamezoea, hakuna aliyeinua kichwa. Na mimi nilikuwa nasoma kwa mdomo tu, masikio yangu yalikuwa kwa pilau. Nikafika pale ambapo mtu anaombewa siku zake ziwe chache na kazi yake ichukuliwe na mwingine. Nilijisikia nikisema hivyo. Mke wa mwenyekiti akanishika mkono akaniambia polepole, "Mama, inatosha."

Uchaguzi uliofuata alishindwa. Mpaka leo tukikutana Chaka sokoni ananiambia, "Ni wewe."

Aliyenifundisha kazi hii hakujua kusoma. Ni Cucu, yaani nyanya, Nyambura, mjane wa upande wa Mweiga, na bado yuko hai, msimzike. Alifundishwa Zaburi kwa sikio tangu akiwa msichana, na alizishika akilima. Kwake Zaburi hazina mistari, ziko na safu za viazi. Ya ishirini na tatu ni nusu safu. Ya mia na tatu ni safu nzima na kurudi. Ile ndefu ya mia na kumi na tisa anasema ni shamba lote na unaacha jembe hapo. Nilikuwa naketi naye nikisoma, yeye anasikiliza amefumba macho, na nikiruka neno moja ananipiga goti kwa kijiko cha chai.

"Umeruka."

"Sijaruka, Cucu."

"Umeruka 'na'. Rudia."

Narudi, napata kweli niliiruka hiyo "na". Aliniambia kitu ambacho sijasikia kwa mhubiri yeyote: "Mtu anayesikiliza hana kitabu. Ukimpa pungufu, ndiyo anaenda nayo nyumbani hivyo, pungufu, na atakufa nayo."

Na ni yeye alinifundisha kuchagua. Ule mwaka baridi ya Kieni ilichoma viazi vyote usiku mmoja, tulienda kumtembelea mama mmoja aliyekuwa amepanda ekari mbili. Viazi vilikuwa vyeusi kama vimemwagiwa maji moto. Mimi nikafungua ishirini na tatu, kwa sababu ukiwa mwanafunzi ndiyo unayofungua kila mahali, kama paracetamol. Nikafika kwa malisho ya majani mabichi. Yule mama akaniuliza bila hasira, "Majani mabichi ya wapi? Hebu angalia nje."

Cucu Nyambura, kutoka pembeni, bila kitabu, akaanza ya kumi na tatu, ile inayomwuliza Bwana hata lini utanisahau. Hakuipamba. Aliisema kama mtu anayegombana na jirani juu ya mpaka. Yule mama akaanza kulia, halafu akaanza kusema pamoja naye, "hata lini, hata lini". Walipomaliza akaweka chai jikoni.

Tukiwa njiani nikamwambia Cucu, "Lakini hiyo ni kama kumlaumu Mungu."

"Na ni nani mwingine atalaumu? Baridi?"

Msifikiri hayo ni mambo ya matangani na ya wagonjwa tu. Nendeni pale kwa kituo cha maziwa asubuhi. Gari likichelewa, wamama wanaambiana "hata lini", na mwingine anajibu "ee Bwana", na wote wanajua wanasema nini. Mtu akipata shida, haulizwi unaendeleaje, anaulizwa "uko ya ngapi leo?" Anajibu ya kumi na tatu, ama ya mia na ishirini na moja, ile ya msaada kutoka kwa Bwana, na unajua kama utampelekea unga ama utampelekea salamu. Hatukufundishwa hivyo na pasta. Ni kwa sababu wasomaji walisoma, na watu wakasikia vizuri. Hiyo ndiyo kazi yenu. Msiichukulie kama mapambo ya ibada kabla mahubiri hayajaanza.

Mengine ya haraka. Msisome kwa simu. Nilikuwa nasoma matangani, ujumbe wa kushinda bahati nasibu ukatokea katikati ya kaburi na ufufuo, na nusura niusome. Kwa mgonjwa, keti chini, usimsimamie kama daktari. Kwa mtu mwenye hasira, usimpe Zaburi ya amani, atakuchukia wewe na Daudi. Na msivute sauti mwisho wa mstari kama mnauza maparachichi.

Sasa nirudi kwa mtoto.

Baba yake mnamjua. Kila mtu anamjua, kwa sababu kila Jumapili anasimama mbele yenu akipunga mikono. Ni yeye anaongoza kwaya. Nilipoitwa na wazee wa kanisa nikamtaja, sikuzunguka. Waliandika. Mzee Githinji, karani wao, akaniambia, "Huyo tutaongea naye kando." Wakaongea naye kando, na huko kando ndiko mambo yalibaki. Mimi tumbo langu lilikuwa shahidi, likanipeleka kiti cha nyuma. Yeye hakuwa na tumbo. Jumapili hiyo hiyo aliimbisha.

Mtoto alipozaliwa nilimpa jina la mama yangu. Msichana wa kwanza huwa anaitwa jina la mama ya baba, hata nyinyi mnajua, lakini hakuna mtu wa upande huo aliyekuja kuniambia mama yao anaitwa nani.

Sikatai kutubu, na msinisikie vibaya. Nilikosa, nilijua nakosa, na niliyamaliza na Mungu jikoni kwangu bila karani. Kilichonichoma ni hesabu ya magoti. Tulikosa wawili, na magoti yaliyoitwa yalikuwa mawili tu, yote yangu. Nilikaa huko nyuma nikijiambia kwamba sitapiga, wacha tuone nani atachoka. Halafu siku moja katekista akahesabu watoto wa kubatizwa, akampita wangu akiwa amesimama pale katikati ya njia, kama anayepita kiti. Mtoto akamwinulia mikono abebwe. Hapo nikachoka mimi.

Nilienda kwa Cucu Nyambura kufanya mazoezi, kwa sababu desturi inaruhusu anayerudishwa kundini ajisomee mwenyewe kama anaweza. Nikamwambia ni hamsini na moja.

"Hiyo najua," akasema. "Safu moja. Anza."

Nikafungua, na kwa vile nilikuwa na hasira macho yangu yakaangukia juu, kwa yale maneno madogo yaliyo kabla ya mstari wa kwanza. Miaka tisa nilikuwa nayaruka. Sisi wote tunayaruka. Tunafikiri ni kama jina la kiwanda lililoandikwa chini ya sufuria. Nikayasoma kwa sauti. Yanasema Zaburi hii ni ya Daudi, nabii alipomwendea baada ya Daudi kuingia kwa Bathsheba, yule mke wa mtu.

Cucu akafumbua macho. "Hiyo umetoa wapi?"

"Iko hapa, Cucu. Ni kichwa cha Zaburi."

"Iko na kichwa?" Aliweka kijiko chini. "Miaka sitini mmekuwa mkinisomea kitu bila kichwa? Mimi najua mwili wote, na hakuna mtu aliniambia ni ya mwanaume?"

"Wasomaji huanza mstari wa kwanza."

"Wasomaji wajinga. Mimi nimeona wasichana wangapi wakipiga magoti na hiyo Zaburi. Nilifikiri iliandikwa na msichana." Akachukua kijiko tena. "Rudia. Toka mwanzo kabisa, usiruke."

Nikarudia, na hapo ndipo mimi mwenyewe niliona maneno mawili ya kwanza kabisa. "Kwa mwimbishaji."

"Kwa nani?"

"Kwa mwimbishaji, Cucu. Zaburi imepewa anayeongoza waimbaji."

Alicheka mpaka chai ikamwagika kwa leso yake. Alipomaliza kucheka akanishika mkono, na sasa hakuwa anacheka. "Sikia. Usiongeze neno lako hata moja. Usimtazame. Usilie. Wewe soma tu vile imeandikwa, na usome vizuri."

Ile Jumapili nilivaa sweta ya kijivu. Mtoto nilimwachia mama yangu kiti cha nyuma. Nikaitwa, nikaenda mbele, nikapiga magoti kwa saruji, na Mzee Githinji akaniletea Biblia ya kanisa ikiwa imefunguliwa, kidole chake kikiwa kwa mstari wa kwanza. "Soma kutoka hapa," akasema.

Nikangoja atoe kidole. Akatoa. Nikapandisha changu juu kidogo.

"Kwa mwimbishaji," nikasoma.

Nilisoma jinsi nilivyofundishwa, polepole, kila R mahali pake. Nikamsoma Daudi, nikamsoma nabii, nikamsoma Bathsheba. Halafu nikanyamaza, kwa sababu baada ya kichwa msomaji anapumua. Sikumtazama mtu. Nilisikia kurasa. Kanisa zima lilikuwa linafungua Biblia, mnajua ile sauti, kama mvua ikija juu ya mahindi. Nyuma yangu, kwa upande wa wamama, mmoja akanong'ona kwa sauti ambayo si ya kunong'ona:

"Hiyo nayo iko kwa Bibiria?"

"Iko. Angaria hapa, na herufi kidogo."

"Na sisi tumekuwa tukisoma nini?"

"Nyamaza asome."

Nikasoma yote, mistari kumi na tisa. Sikulia. Pasta akaniombea, wazee wakanipa mkono mmoja mmoja, na mkono wa Mzee Githinji ulikuwa baridi. Halafu wimbo. Yule bwana wa kwaya aliuanza juu sana, sopurano wakaruka wakakosa kuufikia, ukafa ubeti wa kwanza, ikabidi uanzishwe na mama mmoja wa viti vya kati. Hakutoka mbele. Hakusema kitu. Msifikiri ninawaletea hadithi ya mtu aliyeanguka chini akilia. Jumapili iliyofuata alikuwa pale pale akipunga mikono. Binti yangu akabatizwa, akamvuta pasta miwani, na nikarudi nyumbani na nilichokuwa nataka.

Wiki moja baadaye wazee wakaniita tena. Walikuwa wazuri sana, na soda ikaletwa. Mzee Githinji akaniambia kanisa linanirudisha kwa ratiba ya kusoma, watu wamenikosa, hakuna anayesoma kama mimi.

"Asante, mzee."

"Ila tumeonelea," akasema, "Zaburi zitakuwa zikisomwa kutoka mstari wa kwanza. Ile ya juu si sehemu ya ibada."

"Mimi nilisoma vile imeandikwa."

"Tunajua, mama. Hakuna anayekulaumu. Lakini kuna hekima."

Niliuliza kama hekima hiyo ni ya Zaburi zote ama ni ya moja. Akasema ni ya zote, kwa usawa. Basi nikamaliza soda yangu, kwa sababu ilikuwa imefunguliwa, nikamwambia atafute wasomaji wengine. Hivyo ndivyo nilivyostaafu, na ndivyo nyinyi wanne mlivyopata kazi.

Sijakasirika na nyinyi. Nimekasirika, lakini si na nyinyi. Mimi bado nakuja kanisani, bado naketi, na sasa naketi mbele. Ninawaandikia kwa sababu nimeambiwa kuna msichana wa kiti cha nyuma ambaye atarudishwa hivi karibuni. Ni mdogo kuliko nyinyi, ametoka Fomu Tatu. Nimemwuliza kama atajisomea. Amesema sauti yake haitatoka, kwa hivyo atasomewa na aliye kwa ratiba. Mwenzake naye hajaitwa. Wanaongea naye kando.

Sijui ratiba itamwangukia nani kati yenu. Atakayeangukiwa, mzee atakupa Biblia na kidole chake kikiwa pale chini. Usibishane naye, ni mzee wako. Ngoja atoe kidole. Anza juu, kwa yale maneno madogo, na uyasome kama unayasoma kwa mtu mmoja asiye na kitabu. Ukifika Bathsheba, nyamaza. Itaonekana kama umenyamaza sana, na masikio yatakuwa moto. Bado nyamaza. Mtazame huyo mtoto aliyepiga magoti, umwone anainua kichwa. Akishainua, ingia mstari wa kwanza.